Nyumba ya Bei Nafuu: Kasoro Zipi za Mahali Zinavumilika?

Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za maendeleo za parokia, Dar es Salaam



Tumeombwa tuzungumzie ununuzi wa nyumba kwa mtu mwenye fedha kidogo. Wanaokuja ofisini kwetu kuomba ushauri huu ni mwalimu aliyelipwa kiinua mgongo, mama lishe aliyeweka akiba kwenye kikundi kwa miaka mingi, au mjane aliyepata mafao ya marehemu mumewe. Fedha za namna hiyo huja mara moja tu maishani. Ndiyo maana tunaona kwamba jambo hili linazihusu kamati zetu, wala tusiwaachie madalali peke yao.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Nyumba ya bei ndogo katika jiji hili ina kasoro. Kama si ya ujenzi, basi ni ya mahali: iko mbali, au iko bondeni, au gari halifiki, au maji ya kisima ni ya chumvi, au jirani ni baa inayopiga muziki mpaka alfajiri. Anayesubiri nyumba isiyo na kasoro kwa milioni zake chache atasubiri mpaka fedha ziishe kwa kodi ya pango na michango ya harusi. Hivyo basi, mnunuzi hana budi kuchagua kasoro. Sisi humwomba atenganishe zile zinazokula fedha na muda wake kidogo kidogo, na zile zinazoweza kumnyang'anya nyumba yenyewe.

Umbali ni wa kundi la kwanza, na unahesabika. Chukulieni, kwa mfano tu, mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Kariakoo, akipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja kwa nauli ya shilingi 700. Ni shilingi 2,800 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 72,800 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 873,600. Kwa miaka 10 inazidi milioni 8 na nusu. Kiasi hicho kiongezwe kwenye bei ya nyumba kabla mtu hajasema kwamba ya Chanika ni rahisi. Na hapo hatujagusa saa za kusimama kituoni.

Hata hivyo umbali una jambo moja jema: wakati mwingine hupungua bila mwenye nyumba kufanya lolote. Walionunua Kigamboni wakati njia kubwa ya kuvuka ilikuwa pantoni waliona daraja likifunguliwa mwaka 2016. Lakini tusiuze ndoto, maana huko huko Kigamboni, mwaka 2008, Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya na wananchi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa katika mashaka kwa miaka. Ahadi ya lami au daraja ihesabiwe siku itakapotimia. Dalali akisema "barabara inakuja", bei ibaki ya mahali pasipo na barabara.

Sasa tuingie kwenye kundi la pili, na hapa tunaomba uvumilivu wenu.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini karibu na daraja la Salenda. Bonde lake liko karibu na Kariakoo, karibu na hospitali, karibu na kila kitu, na nyumba zake zimekuwa za bei ya chini. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Baada ya hapo Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, kule karibu na Bunju. Mafuriko hayakuishia hapo. Mwaka 2018 barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani kwa sababu ya maji, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa hapo nayo ilifurika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto. Aliyenunua ndani ya mita hizo amenunua matatizo mawili, maji na sheria.

Mtauliza, mbona basi baadhi ya waliopelekwa Mabwepande walirudi mjini? Swali hilo ni zito, na si haki kuwaita wakaidi. Mama anayeuza chakula kwa wabeba mizigo wa Kariakoo anaishi kwa wateja wale. Ukimpeleka mbali bila wateja, umempa paa na kumnyima riziki. Kwa mtu kama huyo umbali si nauli tu, na tumewahi kumshauri wa namna hiyo asinunue kabisa kwa wakati huo, bali aendelee kupanga chumba mahali pa juu na fedha zake zikae benki. Wapo wanaoona ushauri huo ni wa ajabu kutoka kwa watu wa makazi. Sisi bado tunausimamia.

Hifadhi ya barabara inafanana na bonde. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwenye barabara ya Morogoro mambo yalikuwa makubwa zaidi: mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, nyumba zilivunjwa kwa hesabu ya mita zaidi ya 120 kila upande. Wengi walikuwa na karatasi za mauziano zenye muhuri. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba watu waliuziana. Hauonyeshi kwamba eneo liko nje ya hifadhi. Hilo huulizwa ofisi ya ardhi ya manispaa na TANROADS. Aidha, mkiona nyumba imepakwa rangi mpya ukuta wa barabarani peke yake, ulizeni kama kulikuwa na alama ya X chini yake.

Ghala la silaha tulitaje kwa kifupi: Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 mabomu yalilipuka, watu wakafa na nyumba zikabomoka.

Je, kamati ifanye nini? Kwanza, itembelee nyumba wakati wa masika. Madalali hupenda kuonyesha nyumba Januari, jua likiwaka na njia ikiwa kavu. Kama haiwezekani kusubiri, someni kuta za majirani. Mstari wa tope unaolingana nyumba hadi nyumba, vizingiti vilivyoinuliwa kwa saruji, viroba vya mchanga nyuma ya choo, vyote hivyo vinasema kiwango cha maji. Waulizeni wapangaji, maana hawana cha kuuza. Watoto nao hueleza bila kuficha walipanda juu ya meza lini.

Pili, mwenzi wa muuzaji aonekane na atie sahihi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, na tumeona wanunuzi wakiburuzwa mahakamani kwa sababu hiyo. Kuhusu leseni ya makazi, ina manufaa, lakini ni ya muda, hivyo angalieni tarehe ya kuisha.

Wafadhili wetu wamehoji kwa nini mkopo wa nyumba kutoka kwenye mfuko wa pamoja sasa unachelewa hadi miezi 3. Unachelewa kwa sababu ya ukaguzi huu. Tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa nyumba ikisombwa au ikivunjwa, deni halisombwi nalo.

Fomu za ukaguzi ziko pale mezani kwa katibu. Kila kamati ichukue nakala mbili. Moja ibaki parokiani, na nyingine irudi kwetu ikiwa na sahihi ya mpangaji au jirani aliyehojiwa.