Siku ya Kufunga Mizigo

Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Jumapili hii ya pili ya Kwaresima imetupandisha mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohane. Wamemwona Bwana katika utukufu wake, na Petro, mtu wa kusema kabla ya kufikiri, akataka vijengwe vibanda vitatu ili wakae huko huko. Sisi hatumlaumu. Kila aliyewahi kupata siku njema mahali pazuri aijua tamaa hiyo ya kulizuia jua lisitue. Lakini mwinjili Luka hasemi kwamba vibanda vilijengwa. Asema kwamba kesho yake walishuka, wakalakiwa na umati wa watu, na ndani ya umati ule mlikuwa na baba mmoja aliyekuwa akilia kwa ajili ya mwanawe mgonjwa.

Sehemu hiyo ya pili haimo katika somo la leo. Somo limekoma kileleni. Nasi twaomba ruhusa yenu kuteremka kidogo, maana huko mteremkoni ndiko tulikojikuta Desemba iliyopita, siku ya mwisho ya likizo yetu Tabora.

Tulikuwa ndugu wanne, watoto wa mama mmoja, kila mmoja ametoka kwenye shughuli zake za mjini. Tulipewa siku kumi na nne. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, mahindi yamefika magotini, na usiku maembe yalianguka juu ya bati kama mtu anayebisha hodi. Si rahisi kumweleza mtu habari za Tabora pasipo kutaja maembe. Wazee husimulia kwamba miembe ilifuata nyayo za misafara: mpagazi alikula embe, akatupa kokwa, akaendelea na safari, yeye akapita, kokwa likaota. Wengine husema ilipandwa kwa makusudi ili wasafiri wapate kivuli. Iwe hivi au vile, kuna mahali kwenye njia ya zamani ya kwenda Ujiji ambapo ushahidi wa misafara ni miembe mikuukuu tu.

Siku zile tulifanya yafanywayo na watu wa likizo. Tulilala hadi jua kuchomoza, tukatembelea jamaa, tukala kupita kiasi. Siku moja tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuliangalia tembe linalokumbusha makazi ya Daktari Livingstone. Mnaifahamu habari yenyewe. Stanley alifika naye pale Februari 1872, wakitokea Ujiji. Alimsihi sana mzee yule arudi kwao, maana afya yake ilikuwa imeharibika na alikuwa safarini tangu mwaka 1866. Mzee alikataa. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1872 alimsindikiza mgeni wake kipande cha njia, kama ilivyo desturi hata kwetu, kisha wakaagana. Mmoja akashika njia ya pwani, mwingine akarudi tembeni kungoja watu na vifaa alivyoahidiwa kuletewa. Alingoja hadi Agosti. Hawakuonana tena. Livingstone alifariki Mei 1873, mbali huko kusini, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Susi, Chuma na wenzao walipita Kwihara wakiwa wameubeba mwili wake. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walimfikisha Bagamoyo Februari 1874, baada ya mwendo wa karibu miezi tisa, ili azikwe kwao.

Tulisikiliza yote hayo kwa makini, tukapiga picha mlangoni.

Hata hivyo, wenye njia ile hawakuwa wageni wale wawili. Wenye njia walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu begani hadi pwani, mzigo wa kilo thelathini au zaidi, mwendo uliochukua kama miezi mitatu. Walipenda kutoka wakati wa kiangazi na kuwahi kurudi kabla ya mvua, maana nyumbani jembe lilikuwa likiwangoja. Hakuna aliyewapa karatasi ya likizo. Mawingu ndiyo yaliyowaambia kwamba muda umekwisha. Na kulikuwa na wengine kwenye njia hiyo hiyo, wenye kongwa shingoni, ambao hesabu ya safari yao haikuwa na siku ya kurudi. Tunaponung'unika kwamba likizo imekuwa fupi, tusipite chini ya miembe ile kama watu wasiojua ni nani waliotangulia kupita.

Sasa twaja kwenye siku yenyewe.

Siku ya mwisho kwa mama yetu ni siku ya kufunga mizigo. Kila mtoto hupewa mfuko wake: chupa ya asali ya miomboni, karanga, michembe na matobolwa. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Unyamwezi na Usukuma vitu hivyo. Wengine watosheke kujua kwamba ni viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe vikiwa vibichi, matobolwa vikiwa vimechemshwa. Kisha mama huandika jina la kila mmoja kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye mfuko, ili tusije tukagombana njiani. Amefanya hivyo tangu tulipokuwa shule za bweni. Jioni ile mdogo wetu alimpa kalamu, naye akaandika. Aliandika jina la kwanza vizuri. Kisha akaandika jina la pili juu ya lile la kwanza.

Tulitazamana. Mdogo wetu akasema kwa upole, "Mama, huoni?"

"Naona mwanga, mwanangu. Sura ndizo zilizonipotea."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Ninyi ninawajua kwa nyayo zenu."

"Mbona hukutuambia?"

Akajibu, "Mlikuja kupumzika."

Ndugu wapendwa, maneno hayo mawili yalitupiga kuliko karipio lolote. Kwa siku kumi na nne alikuwa akimimina chai huku ameweka kidole kwenye ukingo wa kikombe, nasi tukadhani ni tabia za uzee. Jioni aliipa taa kisogo, tukadhani amechoka. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na hakugeuza hata ukurasa mmoja, nasi tukamsifu mbele za watu kwamba mama yetu ajua nyimbo zote kwa moyo! Tarehe waliyoagana wageni wawili pale Kwihara tuliweza kuitaja bila kukosea. Tarehe ambayo mama yetu aliacha kuziona nyuso zetu hatukuijua.

Alikuwa na mtoto wa jicho. Ugonjwa huo ndio unaoongoza duniani kwa kupofusha watu, nao huja polepole na bila maumivu: kioo kilichomo ndani ya jicho hugeuka kuwa na ukungu, rangi hufifia, taa huumiza, na mwenyewe huzoea. Kwa kawaida hutibika kwa upasuaji mdogo. Daktari huondoa kioo kilichoharibika na kuweka cha bandia. Wazee wengi hawaendi, kwa kuwa hudhani giza ni sehemu ya uzee, au kwa kuwa hakuna wa kuwashika mkono hadi hospitali. Twalitaja hili makusudi, wapendwa makatekista, kwa sababu ninyi ndio mnaoingia katika nyumba za wazee, mkawaona wakitafuta kikombe kwa kupapasa.

Usiku ule, mama alipokwisha kulala, tulikaa uani. Tiketi za ndege zilikuwa za kesho yake na zilikwisha kulipiwa. Hospitali ilihitaji mtu wa kwenda naye, kungoja zamu, kurudi, kwenda tena. Jambo la majuma, labda la miezi. Kila mmoja alitoa sababu yake. Mmoja alikuwa na mwajiri mkali, mwingine ada za watoto mwezi Januari, mwingine mgonjwa wake mwenyewe nyumbani. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hapo ndipo penye mtego, maana mtu hujilinda kwa sababu ya kweli kuliko kwa uongo.

Mwishowe dada yetu, ambaye ni fundi cherehani na mwenye kipato kidogo kuliko sisi sote, akasema, "Mimi sipandi." Hakutoa hotuba. Aliuliza tu kama kati yetu kuna atakayempelekea mteja mmoja gauni lililobaki kutiwa vifungo.

Twapaswa kuungama mbele yenu lile tulilolihisi wakati huo. Hatukuhisi aibu kwanza. Aibu ilikuja baadaye. Kwanza tulihisi nafuu. Tulipumua. Tulimpigia makofi dada yetu, tukachanga fedha papo hapo, kila mmoja kwa ukarimu mkubwa, na kabla ya usiku wa manane tulikuwa tumelala usingizi mzuri.

Asubuhi mama alitusindikiza hadi uwanjani, amemshika dada mkono. Kwenye mizani tuliambiwa kila msafiri ana kilo ishirini na tatu. Babu zetu walitembea miezi mitatu na mzigo mzito kuliko huo. Sisi, tuliokuwa tukibebwa, tukaambiwa tupunguze. Tulifungua mifuko mbele ya watu. Twawaambia ukweli: hatukupunguza viatu wala nguo. Tulipunguza michembe. Tulimrudishia dada ile mifuko juu ya uzio mfupi, mama akasikia mchakarisho wake akauliza, "Nini hicho?" Dada akajibu, "Wamesahau koti, Mama." Mpaka leo hatujui kama aliamini.

Ndege ikapaa. Chini yetu ulikuwa msitu wa miombo, kijani kitupu kwa mvua, kisha Ugogo, kisha vilima, kisha bahari. Njia iliyowachukua babu zetu miezi mitatu haikutuchukua saa mbili. Wako wanaosema kwamba jina la Bagamoyo latokana na furaha ya mpagazi aliyefika mwisho, akatua mzigo, akabwaga moyo. Sisi tulitua Dar es Salaam tukiwa wepesi wa mizigo, na moyo ulikataa kubwagika. Tulipofungua mifuko tukakuta vile vikaratasi. Kimoja kilikuwa na majina mawili, moja juu ya jingine, hata hayasomeki.

Petro alishuka mlimani na kumkuta yule baba na mwanawe. Wanafunzi waliobaki chini walikwisha kujaribu kumponya mtoto, wakashindwa. Na Injili haifichi kwamba walishindwa. Twashukuru kwamba haifichi. Na alipoletwa kwa Bwana, Bwana hakusema kwamba ametoka kwenye utukufu na hana nafasi.

Mapema mwezi Februari mama alipasuliwa jicho la kwanza. Kesho yake waliondoa bandeji, na dada alitupigia simu akiwa pale pale kando ya kitanda. Alisema mama alimtazama kitambo kirefu, akamgusa shavu, akamwambia, "Kumbe nawe umezeeka." Wakacheka wote wawili. Kisha mama akageuza uso, akatazama mlangoni, akauliza wengine wako wapi.

Jicho la pili litapasuliwa baada ya Pasaka. Dada atarudi kwenye cherehani yake, na mmoja wetu amekwisha kuandika barua kwa mwajiri. Safari hii ataondoka kwa treni, na mfuko wa kurudia michembe ameubeba mtupu.