AJALI INA KINGA

Mazungumzo kwa waendeshao motokaa na wasafirio ndani yake



Watu wakutanikapo matangani, baada ya kumzika mtu aliyeuawa barabarani, husikika sauti ya mzee ikisema, "Ajali haina kinga." Maneno hayo ni ya kufariji, na kwa wafiwa yanafaa. Lakini dereva ayashikapo yakawa ndiyo sheria yake ya njiani, huwa na hatari kubwa. Leo nataka kuwaonyesha ya kwamba ajali nyingi zina kinga, na ya kwamba kinga hiyo dereva aweza kuitengeneza mwenyewe, bila ya kutoa hata senti moja.

Tutazame barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Wengi wenu mwaijua sehemu ile iteremkayo kutoka Mau Summit, ikapita Sachangwan na Migaa mpaka Salgaa. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana uso kwa uso pale Migaa, na watu 36 wakafa. Mwaka uliofuata ulijengwa ukuta wa zege katikati ya barabara katika sehemu hiyo, ili magari yapandayo yasikutane na yale yateremkayo. Je, kazi ya ukuta ule ni nini? Haumfundishi dereva adabu, wala haumwondolei usingizi. Kazi yake ni kumkinga mtu na kosa la mwenziwe.

Barabara nyingi za nchi yetu hazina ukuta wa namna hiyo. Huko dereva hana budi kujijengea wake, nao hujengwa kwa nafasi. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita kiasi cha meta 22 katika sekunde moja. Jicho likimwona ng'ombe barabarani, yapata sekunde moja au zaidi hupita kabla mguu haujakanyaga breki. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi itakiwayo na breki ili gari lisimame huwa mara nne.

Basi, chagua alama kando ya njia, kama vile nguzo au mti. Gari la mbele lipitapo alama hiyo, hesabu sekunde tatu pole pole. Ukiifikia kabla hujamaliza kuhesabu, umelikaribia mno, punguza mwendo. Mvua ikinyesha, au ukungu ukishuka, hesabu sita. Mtu akikupita akaingia katika nafasi uliyoiacha, usikasirike. Acha nafasi nyingine. Hukupoteza ila sekunde chache.

Jambo la pili ni mteremko. Wako madereva wa malori ambao wakifika mteremkoni hutia gia huru, ili waokoe mafuta kidogo. Hapo injini hailizuii gari tena. Uzito wote huachiwa breki, nazo zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, wala usingoje mpaka gari limeshika kasi. Mafuta yamwagikayo hununuliwa tena. Roho ya mtu haiuzwi dukani.

La tatu ni kuwafikiria wengine. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia watu na magari kwenye njia panda ya Londiani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wengi wao walikuwa kando ya barabara, wakiuza bidhaa zao au wakingoja usafiri. Kwa hiyo ukaribiapo soko au shule, shuka mpaka kilometa 50 kwa saa, au chini yake. Dhani ya kwamba mtoto atakimbilia mpira, na ya kwamba mwenye bodaboda atakata kona bila ya kutazama nyuma. Usiseme, "Njia ni yangu." Yamkini ni yako kwa sheria, lakini haki haimfufui aliyekufa.

Nanyi abiria msidhani hamna sehemu. Tangu Februari 2004 kanuni ziliamuru kila abiria wa matatu afunge mkanda, na matatu isipite kilometa 80 kwa saa. Abiria amsifuye dereva kwa kuwahi hushiriki katika haraka yake. Na mwenye gari amdaiye dereva fedha nyingi kila jioni, na ajue ya kwamba deni hilo ndilo linalokanyaga mafuta.

Basi kesho mtakaposhika usukani, msiulize tu kama ninyi mwaendesha vyema. Ulizeni: mwenzangu akikosea sasa hivi, je, nimemwachia nafasi ya kukosea nasi sote tukafika nyumbani? Ikiwa hamkumwachia, legezeni mguu papo hapo.