Vitamini, Madini, Homoni na Kuganda kwa Damu: Suala la Chumvi ya Soko la Ngungu

Mada kwa semina ya wauguzi, wakunga na wareko (wahudumu wa afya wa jamii), Ngungu, Masisi



Niliombwa nieleze jinsi vitamini na madini vinavyogusa homoni na kuganda kwa damu. Fasili mnazijua, nitazipita mbio. Vitamini K huliwezesha ini kutengeneza vigandishi vya damu namba 2, 7, 9 na 10. Kalsiamu ndiyo namba 4. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini K, na maziwa ya mama hayalizibi pengo hilo hata kama mama anakula mboga za majani kama sombe na lengalenga kila siku. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto mchanga apigwe sindano ya miligramu 1 ya vitamini hiyo. Mgonjwa anayemeza warfarini, dawa inayoipinga vitamini K, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani. Mengine yamo katika miongozo yenu.

Nije kwenye iodini, ambayo wengine huiita madini joto. Tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni mbili, moja yenye chembe nne za iodini na nyingine tatu. Ndizo T4 na T3. Iodini ikipungua, tezi huvimba ikijaribu kunasa kidogo kinachopita, na hapo tunapata rovu. Shingo kila mtu anaiona. Tunachosahau ni damu. Homoni ya tezi ikishuka, baadhi ya protini za kugandisha damu huweza kushuka nazo, na mwanamke akatokwa na hedhi nyingi na ndefu. Kwa njia hiyo anapoteza chuma. Nacho chuma ndicho kinachohitajiwa na kimeng'enya cha tezi ili kiifunge iodini kwenye homoni. Mama wa namna hii huja kituoni amepauka, tunampa vidonge vya chuma, anarudi akiwa vilevile, nasi tunamwambia hakumeza. Pengine alimeza. Hakuna aliyempapasa shingo wala kumuuliza hedhi yake inachukua siku ngapi.

Kivu yetu si ngeni katika jambo hili. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana katika utafiti wa tiba duniani kwa sababu ya rovu. Watafiti wa Ubelgiji, François Delange akiwa mmoja wao, walikuta iodini ni adimu kisiwani kote, ilhali rovu lilizidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Katika makala ya 1971 tofauti hiyo waliihusisha na chakula, hasa muhogo: usipolowekwa vizuri, sumu yake hugeuka mwilini kuwa thayosayanati, inayozuia tezi kunasa iodini. Sisi nasi tuko milimani, bahari iko mbali na mvua inazidi kuiosha iodini kutoka udongoni.

Tiba inajulikana: chumvi yenye iodini. Mkutano wa dunia kuhusu watoto wa mwaka 1990 ulilenga kumaliza upungufu wa iodini kufikia 2000. Chumvi inayofika nyumbani inapaswa kuwa na miligramu 15 hadi 40 za iodini kwa kilo. Gunia linalopanda huku kutoka Goma limeandikwa kuwa lina iodini, nami sina sababu ya kuyabishia maandishi hayo. Shaka yangu inaanza linapofunguliwa. Sokoni chumvi hupimwa kwa kikombe, gunia likiwa wazi kwa mvua na jua. Iodati ya potasiamu, inayotiwa kwenye chumvi, ni imara kuliko iodidi, lakini haistahimili unyevu usiokwisha. Chumvi ikilowa, maji hushuka na iodini hadi chini ya gunia, hata mteja wa asubuhi na wa jioni hawanunui chumvi moja. Nyumbani inakaa kwenye kopo lisilo na kifuniko karibu na moto, kisha inatiwa mwanzoni katika chungu cha maharagi yatakayochemka nusu siku.

Tena hii ni nchi ya ng'ombe, na chumvi ya mifugo hukaa jirani na chumvi ya watu. Ile ya mifugo kutoka Ziwa Katwe, Uganda, huvunwa kwa mikono bila kutiwa iodini. Barabara zikifungwa na bei ikipanda, mama hachagui. 

Kinachonichosha ni kwamba kupima chumvi ni kazi ya dakika moja. Tone moja la kipimo chenye wanga, na chumvi yenye iodini inageuka buluu. Tumeviomba vipimo hivyo katika ripoti baada ya ripoti. Jibu ni kwamba ripoti imepokelewa.

Mapendekezo yangu basi ni mengi, kwa kuwa ya zamani bado yapo. Kila kituo kipewe vipimo vya chumvi, na wareko wapime sokoni, juu na chini ya gunia. Wauzaji wafunike magunia na wayaweke juu ya mbao. Tuwaelimishe kabla ya kuwatisha. Chumvi ya ng'ombe iwekwe kando. Nyumbani kopo lifunikwe na chumvi itiwe mwishoni. Simwambii mtu ale chumvi zaidi, maana shinikizo la damu nalo lipo. Muhogo ulowekwe siku tatu. Mama mwenye upungufu wa damu apapaswe shingo na aulizwe hedhi yake. Sindano ya vitamini K isikosekane katika chumba cha uzazi, na wanaozalia nyumbani wahimizwe kumleta mtoto mapema. Na narudia: vipimo vya chumvi.

Namwomba mwenyekiti aliandike pendekezo hilo la kwanza katika maazimio ya semina kama nilivyolisema, pamoja na jina la ofisi itakayolitekeleza, na asilipeleke kwenye "mengineyo".