Silinda ya Mashine Ikikwama, Nguvu Iwe ya Mwisho



Kila anayesafiri kati ya Mokowe, Lamu na kisiwa cha Pate anaujua mkondo wa Mkanda. Maji yakijaa, boti hupita. Yakipwa, nahodha hulazimika kuinua mashine ili rafadha isichimbe tope. Kwenye mashine kubwa, kazi hiyo hufanywa na silinda ya haidroliki: nahodha hubonyeza kitufe, pampu husukuma oili chini ya pistoni, fimbo hutoka nje na mashine huinuka.

Silinda hiyo ikikataa kufanya kazi, boti hubaki kusubiri maji yajae, na kutoka kupwa hadi kujaa ni takriban saa sita. Abiria akiwa ni mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitalini, saa hizo sita si jambo dogo. Ndiyo maana mazungumzo ya leo yanahusu sehemu zinazokwama kwenye silinda hii, na jinsi fundi anavyozitoa bila kuharibu nyingine.

Kwanza ieleweke kwa nini zinakwama. Mwili wa silinda nyingi ni aluminiamu, ilhali fimbo na pini ni chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Hutoa unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Unga huo hujaa kwenye hesi za kifuniko na kuzibana kama saruji. Kwa hiyo anayeongeza urefu wa mpini wa spana bila kuuondoa unga huo hufungui kifuniko, huvunja silinda.

Kazi yenyewe huanza na usalama. Mashine ya nguvu za farasi 150 mara nyingi huvuka kilo 200. Fundi huifunga kwa kamba imara au mnyororo, na huweka gogo au stendi chini yake. Komeo la kushikilia mashine pekee halitoshi. Baada ya hapo ndipo hufungua taratibu skrubu ya dharura iliyo ubavuni ili kuondoa msukumo wa oili. Akiifungua kabla ya kuegemeza mashine, itashuka na kila kilicho chini yake kitapondeka.

Skrubu hiyo yenyewe hukwama mara nyingi, na ndiyo anayoihitaji nahodha baharini, kwa kuwa ikifunguliwa mashine huweza kuinuliwa kwa mikono ya watu. Bisibisi yake iwe na upana unaojaza mfuo wote. Mfuo ukishaliwa, kazi huwa ngumu mara mbili. Fundi huosha chumvi kwa maji matamu, hutia oili ya kulegeza kutu, hugonga kichwa cha skrubu polepole, kisha huikaza kidogo sana kabla ya kuifungua. Mwendo huo mdogo wa kwenda na kurudi huvunja unga.

Kifuniko cha silinda huwa na vishimo viwili vya kuingizia spana ya pini. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Wengi huchukua patasi na nyundo, wakagonga vishimo hadi vikapanuka. Afadhali kumpelekea fundi wa kuchomea vyuma kipande cha bapa, atengeneze spana yenye pini mbili ngumu zinazoingia hadi mwisho wa vishimo. Oili ya kulegeza iachwe usiku kucha, na irudiwe asubuhi. Kisha kifuniko kigongwe kuzunguka kwa kipande cha shaba nyeupe, kwa sababu shaba haikwaruzi kama chuma. Ndipo spana ijaribiwe.

Kikigoma bado, moto hutumika, lakini kwa akili. Aluminiamu hupanuka kuliko chuma, hivyo kinachopashwa ni mwili wa silinda unaozunguka hesi. Jambo la kukumbuka ni kwamba aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho hayawezi kumwonya fundi. Moto uzungushwe bila kutulia mahali pamoja. Tone la maji likidondoshwa na kuchemka papo hapo, joto limetosha. Silinda iwe imetolewa kwenye boti, mbali na petroli, oili ya kulegeza ikiwa imefutwa, na matundu ya oili yakiwa wazi. Silinda iliyozibwa ikiwa na oili ndani haipashwi moto kamwe, inaweza kupasuka.

Kifuniko kikishatoka, fimbo huvutwa na pistoni hufuata. Ikikwama, fundi huisogeza ndani na nje, akiongeza oili, hadi njia ifunguke. Wapo wanaoichomoa kwa hewa ya kompresa. Pistoni ikiachia ghafla hutoka kama risasi, na tayari hiyo ni sababu ya kutosha kuiacha njia hiyo. Kuisukuma kwa oili ya pampu ya mkono ni salama zaidi, kwa sababu oili haijibani na kufumuka kama hewa.

Tahadhari nyingine ni ya oili yenye msukumo mkubwa. Inapovuja kwenye tundu dogo huweza kupenya ngozi. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kidole. Aliyechomwa na oili ya namna hiyo aende hospitalini mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la sindano.

Sasa fundi huchunguza. Fimbo yenye vishimo vya kutu au mkwaruzo unaoshikwa na ukucha itakata sili mpya ndani ya muda mfupi, hata ikisafishwa vipi. Kuta za ndani za silinda zikiwa zimeliwa, sili hazitashika. Hapo fundi mwaminifu humwambia mwenye boti ukweli mapema, kabla ya kununua vipuri. Kujua mahali pa kusimama ni sehemu ya ufundi.

Wakati wa kurudisha, sili na oringi zote huwa mpya na hupakwa oili inayofaa mfumo huo. Hesi za kifuniko na pini hupakwa grisi ya baharini. Oili hujazwa mashine ikiwa imeinuliwa juu kabisa na kuegemezwa, kisha mashine hupandishwa na kushushwa mara kadhaa hadi hewa yote itoke, na kipimo huangaliwa tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa silinda, kuziba ufa ni ndoo moja ya maji matamu kila jioni, zinki ya kulinda metali ibadilishwe ikishaliwa nusu, grisi kwenye pini, na skrubu ya dharura ifunguliwe na kufungwa mara moja kwa mwezi mashine ikiwa imeegemezwa. Nahodha anayefanya hivyo ataijua skrubu yake hata gizani, na siku mama mwenye uchungu atakapoingia botini maji yakiwa yanapwa, hatakuwa akijifunza siku hiyo.