Ajira Ikikoma, Haki Haikomi



Msimu wa kahawa unapomalizika, wapo vijana wanaoambiwa jioni wasirudi kazini kesho yake. Wengi huondoka kimya, wakidhani asiye na mkataba wa maandishi hana pa kudai. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inamlinda mlinzi wa ghala, mhudumu wa duka na hata mfanyakazi wa nyumbani, ijapokuwa walikubaliana na mwajiri kwa mdomo tu.

Jambo la kwanza ni taarifa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Kwa aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, ni siku 7. Mwajiri asiyetaka mtumishi aendelee kufika kazini katika siku hizo anaweza kumlipa fedha badala ya notisi.

Jambo la pili ni malipo. Mfanyakazi hulipwa ujira wa siku alizofanya kazi na likizo aliyostahili lakini hakuichukua. Ikiwa aliajiriwa mahali pengine, tuseme Muleba, akaachishwa kazi Kashozi, anastahili pia kurejeshwa alikotoka au kulipwa nauli.

Aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi, akaachishwa na mwajiri, hupata kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Chukua mfano wa mlinzi aliyefanya kazi miaka 4 na miezi 5, mshahara wake wa msingi ukiwa shilingi 20,000 kwa siku. Siku 7 mara miaka 4 ni siku 28, hivyo anastahili shilingi 560,000. Ile miezi 5 haihesabiwi.

Ni vema ikaelezwa pia upande wa pili. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, au ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika mwisho, hapati kiinua mgongo hicho. Hata hivyo, ujira wake, malipo ya likizo yake na cheti chake cha utumishi havipotei.

Jambo la tatu, nalo ndilo huwaponza wengi, ni muda. Anayeona ameachishwa isivyo halali anapaswa kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mjini Bukoba, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ujira usiolipwa, yana siku 60. Huduma ya Tume hailipiwi. Anayesubiri ahadi za “njoo wiki ijayo” huku siku zikiyoyoma atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, nalo ombi hilo laweza kukataliwa.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mfanyakazi na atunze barua, hati za mshahara, ujumbe wa malipo ya simu na kumbukumbu za michango ya NSSF. Asitie saini karatasi isemayo “nimelipwa haki zangu zote” kabla ya kuisoma na kuzihesabu fedha mkononi. Mwajiri naye anayelipa kwa maandishi hujikinga na madai ya kesho.