Safari ya Kwenda Kumsikiliza Chura

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu ambao hufunga safari ndefu kwa ajili ya kelele hizo hizo, na juu ya namna ya kuwapokea katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang.

Najua wapo watakaocheka. Wageni wengi waingiao mkoani Manyara huja kumtazama tembo wa Tarangire, kisha hupanda gari kuelekea Ngorongoro. Huku Katesh, Basotu, Dongobesh na Yaeda Chini wachache sana hufika. Lakini wapo watu, Watanzania na wageni, ambao wakisikia kuna dimbwi lenye vyura wa aina tatu au nne watalala chini ya mti kulisubiri giza. Kule Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, matembezi ya usiku ya kutazama vyura ni jambo la kawaida, na waongozaji wanaoujua msitu hupata ujira wao.

Msimu wa mvua uliopita watu watano, walimu na wanafunzi wao, waliniomba niwasaidie kupanga safari ya namna hiyo wilayani Hanang. Yale tuliyojifunza ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Jambo la kwanza ni majira. Chura hana miadi na mtu. Miadi yake ni na mvua. Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mvua kubwa ikinyesha mchana, usiku wake madume huimba kuwaita majike, na kila aina ina sauti yake. Anayekwenda mwezi Agosti ataona vumbi. Wala asiende kutafuta kandokando ya Ziwa Balangida lenye chumvi; chura hutaka maji baridi. Aende kwenye malambo ya mifugo, mabwawa ya mvua, na vijito vitokavyo msituni.

Lakini mvua hiyo hiyo ina hatari yake. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka mlima Hanang yaliishukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa hiyo kundi letu tulilikataza kabisa kuingia katika makorongo ya mlimani usiku wa mvua, hata kama huko ndiko sauti zilikosikika vizuri zaidi. Hakuna chura anayestahili roho ya mtu.

Jambo la pili ni ruhusa. Msitu wa mlima Hanang ni hifadhi, na kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Nje ya hifadhi, dimbwi ni la kijiji. Tulipofika kwa mwenyekiti alisoma barua yetu mara mbili, akavua miwani, akasema, "Ndugu mwandishi, mimi ni mtu mzima. Watu watano wenye kurunzi, usiku, wakichungulia matope. Semeni ukweli, ni madini gani?" Wazee waliokuwapo walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Watu wengi wamekuja vijijini usiku na kuondoka na mali. Tulimkaribisha afuatane nasi, au amtume mtu anayemwamini. Akamtuma kijana mchungaji wa Kibarbaig.

Wasikilizaji, kijana yule ndiye aliyeifanya safari ikawa safari. Alisimama kando ya lambo, akazima kurunzi yake, akasema, "Subirini." Baada ya dakika chache akatuonyesha kwa kidole: huyu wa sauti nzito yuko ukingoni kwenye matope, yule anayelia kama kengele ndogo yuko juu ya majani, na yule wa tatu yuko ndani kabisa ya maji. Tukaenda, na kila mmoja tukamkuta pale pale. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na miaka mingi ya kunywesha ng'ombe mahali pale. Tulimlipa usiku ule ule, mkononi mwake, bila kupitia kwa dereva wala kwa mtu wa kati, na mchango wa kijiji ukaandikiwa stakabadhi. Alizihesabu fedha zake akasema, "Kumbe mtu hulipwa kwa kusikiliza."

Hata hivyo, fedha nazo zina mtego. Asubuhi watoto walikwisha kupata habari, na wawili wakaja na ndoo: wameleta vyura, wanataka kununuliwa. Kama tungenunua siku ile, lambo lingemalizwa kabla ya mvua nyingine. Ndoo ilirudishwa kwenye maji, na watoto wakaelezwa kwamba kinacholipiwa ni kuonyesha mahali. Kila kundi litakaloenda na liweke kanuni hiyo siku ya kwanza.

Sasa nakuja kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni viatu. Chura hunywa maji na kuvuta hewa kwa ngozi yake. Katika nchi nyingi duniani kuna ugonjwa wa ukungu unaoishambulia ngozi hiyo na kuua vyura wengi, na ukungu huo husafiri katika maji na katika tope lililoganda kwenye nyayo.

Hapa kwetu tunalo funzo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Chura yule mdogo, asiyezidi sentimeta 3, ambaye huzaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko yaliyokuwa yakimnyeshea manyunyu, na mwaka 2000 wengine wakapelekwa Marekani kuhifadhiwa. Waliobaki waliwekewa mabomba ya manyunyu, wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 wakafa kwa ghafla, na ukungu ule ukakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na baadaye wakaanza kurejeshwa korongoni. Fikirini gharama ya kumrudisha kiumbe mmoja, mkailinganishe na brashi na ndoo ya maji ya klorini.

Basi anayetoka Amani, au Usambara, au nchi nyingine yoyote, asugue viatu vyake mpaka tope lote litoke, avitie dawa, avianike juani vikauke kabisa kabla ya kukanyaga dimbwi la Hanang au Mbulu. Na akihama dimbwi moja kwenda jingine afanye vivyo hivyo. Asimshike chura kwa mikono iliyopakwa dawa ya mbu. Avae viatu vya mpira vya kufika magotini, kwa sababu penye chura nyoka naye huja kutafuta chakula, na maji yaliyosimama yaweza kuwa na kichocho. Na kundi lisizidi watu sita. Zaidi ya hapo linakuwa mkutano wa hadhara, na chura hanyamazi kwa mwingine ila kwa mkutano.

Kwa viongozi wa vijiji neno langu ni fupi. Wageni wa namna hii watakuja wachache, hawatajenga hoteli, wala hawatawatajirisha. Lakini mnayo haki ya kuwauliza maswali mawili kabla ya kuwaruhusu: nani kati ya watu wetu mtamlipa, na viatu hivyo mara ya mwisho vilikanyaga wapi? Asiyeweza kuyajibu, na arudi kwanza akasugue viatu.