Mtoto Kwanza, Kisu Baadaye
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ngorongo)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya uganga. Nitasema jambo moja ambalo watu hulinong'ona tu: mtoto anayezaliwa na maumbile ambayo mkunga akiyatazama hawezi kusema ni wa kike au wa kiume.

Nilipokuwa mganga kijana katika zahanati moja, mama mmoja aliniletea mtoto wa namna hiyo, mwenye siku 10. Bibi yake aliuliza, "Mganga, tumwite nani?" Nami nikashughulika na swali hilo hilo. Nikaandika barua apelekwe kwa mpasuaji. Mtoto alikuwa akitapika. Nikadhani ni maziwa. Wazee wakiwa bado wanatafuta nauli, mtoto akafariki.

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokuwa masomoni. Juu ya mafigo kuna tezi mbili. Mtoto akizaliwa na kasoro fulani katika tezi hizo, mwili hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na mtoto wa kike huweza kuonekana kama wa kiume. Mara nyingi pia chumvi hupotea kwa mkojo, na katika wiki ya pili au ya tatu hutapika, hukauka maji na kufa. Dawa yake ni vidonge na chumvi. Kisu hakimwokoi. Mimi nilitazama maumbile, nikaacha kumtazama mtoto.

Sisemi upasuaji wote ni mbaya. Mkojo ukizibwa, hapana budi kupasua. Lakini kumkata mtoto mchanga ili tu afanane na wengine kwaweza kumwachia makovu, kumwondolea hisia, hata uwezo wa kuzaa. Na akikua, huenda akajiona kuwa si yule tuliyemchagulia.

Jirani zetu wa Kenya wamelifikisha jambo hili mahakamani. Mtoto mmoja alizaliwa Nairobi mwaka 2009, na katika karatasi za hospitali, penye nafasi ya jinsia, pakaandikwa alama ya kuuliza. Mama yake akashtaki. Desemba 2014 Mahakama Kuu iliitaka Serikali ieleze hatua za kuweka mwongozo. Sensa ya 2019 ikawahesabu watu 1,524 wa namna hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikazuia kubadili au kuondoa viungo vyao bila ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya urithi.

Wala subira hii si ngeni kwetu. Mashehe wa pwani wanalo neno huntha, na katika elimu ya mirathi, ikiwa jinsia yake haikubainika, hungojewa mpaka abaleghe. Hawakumwita mkosi.

Vijana, huenda mwenzenu mmoja humu ana siri hiyo. Msimcheke. Nanyi wazazi, mkizaliwa mtoto wa namna hiyo, mwahini hospitali siku hiyo hiyo. Ulizeni kwanza juu ya damu yake na chumvi yake. Akitajwa mpasuaji, ulizeni: je, asipopasuliwa sasa atadhurika? Kama sivyo, ngojeni mwenyewe aweze kusema.

Yule mtoto alizikwa kabla hajapewa jina.